Turkana kwa Asiyependa Kuloa

Wengi wanaofunga safari kwenda Turkana hulifuata ziwa. Wamebeba ndoano za kuvulia mbuta, wamebeba kamera za kuwapiga picha mamba, na usiku kucha mazungumzo ni ya boti itakayowafikisha Kisiwa cha Kati, hifadhi yenye maziwa matatu madogo ndani ya kreta, ambako mamba huzaliana. Wenzangu walikuwa wa kundi hilo. Mimi ni mtoto wa Pwani. Maji nimeyajua tangu nikibebwa mgongoni, nimeyanywa bila kutaka, nimeyakimbia. Sikuona sababu ya kuvuka Kenya nzima ili nikaloe tena. Nikawaachia ziwa lao, nikashika nchi kavu, na nchi kavu ikanilipa vizuri.

Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, ni mji wa kuamkia alfajiri. Joto la nyuzi 35 ni la kila siku, na likizidi hapo hakuna anayeshtuka, kwa hiyo kila lenye maana hufanywa kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Usiku watu wengi hulala nje. Mama mwenye nyumba ya wageni tuliyofikia alinikuta nikihangaika na feni iliyokuwa ikisukuma joto kutoka pembe moja ya chumba hadi nyingine, akanihurumia. "Mwanangu, huko ndani utaiva," akasema, na kabla sijajibu alikwisha mwita kijana atoe godoro uani na kufunga chandarua kwenye tawi la mwarobaini. Nyota zilikuwa nyingi mno hata usingizi ukachelewa. Asubuhi mama huyo huyo alinizuia mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi: kung'uta kwanza. Nge hupenda viatu vya wageni. Vyangu havikuwa na kitu ndani, lakini nilivikung'uta kila asubuhi, naye kila asubuhi alihakikisha.

Chai niliinywa katika hoteli ya Msomali karibu na stendi, chai ya maziwa ya ngamia yenye iliki na sukari ya kutosha kumsimamisha mgonjwa. Mandazi yalikuwa makubwa na makavu kidogo. Sisi wa Pwani tungeyatia nazi, lakini huko nazi ni habari za redioni. Aliyeketi mbele yangu, mzee mwenye shuka na fimbo, alinisalimu, "Ejoka?" nami nikajibu kama nilivyofundishwa, "Ejok-nooi." Akacheka hadi akaweka kikombe chini. Nadhani nilikuwa nimeiimba badala ya kuisema. Baada ya hapo hakuniacha nilipe.

Soko la Lodwar lina harufu tatu zinazogombania pua. Ya kwanza ni ya samaki waliokaushwa, wale wa kutoka Kalokol, waliorundikwa kwenye magunia hadi shingoni. Ya pili ni mbuzi. Ya tatu ni tumbaku, inayouzwa na akina mama waliovaa shanga tangu mabegani hadi kidevuni, wakiwa wameketi wima kiasi kwamba nami nilijikuta nimenyoosha mgongo. Vijiti vya mswaki vimefungwa vitita vitita. Mti wake Waturkana huuita esekon, na ukiutafuna mdomo huwaka kidogo kisha hupoa. Kuna pia wauza vikapu. Hao niliwahifadhi kwa baadaye, maana niliambiwa wafumaji wenyewe ningewakuta ziwani.

Kilima kilichoko juu ya mji kina sanamu ya Yesu aliyenyoosha mikono, na ngazi za kukipanda zinataka mtu aondoke mapema na chupa ya maji. Wenyeji hukwambia unywe kabla hujasikia kiu, kwa sababu hewa ni kavu hata jasho hukauka kabla hujalijua, na kichwa kikianza kugonga umekwisha chelewa. Kutoka juu unaona kwa nini mji uko pale ulipo. Mto Turkwel, uliotoka mbali huko Mlima Elgon, unapita na ukanda wa kijani pande zote mbili, kisha ghafla kijani kinakoma na mchanga unaanza, na mchanga huo hauna mwisho unaoonekana kwa macho. Mabati yanameta. Katikati yake zimo nyumba za duara za matawi na makuti ya mkoma, na moshi wa chai ukitoka katika kila moja.

Serikali ya kikoloni iliijua vizuri sifa ya nchi hii ya kuwa mbali. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, huingii bila kibali, na ndiko Jomo Kenyatta na wenzake wa kesi ya Kapenguria walikopelekwa: kwanza Lokitaung, kaskazini zaidi, kisha mwaka 1959 Kenyatta akahamishiwa Lodwar kukaa chini ya ulinzi hadi 1961. Nyumba aliyoishi ni ndogo. Mtu aliyenipeleka hakusema mengi juu ya siasa. Alinionyesha kivuli kilivyokuwa kifupi saa nne ile, akaniuliza kama ningeweza kukaa pale miaka miwili. Nilimjibu ukweli, kwamba bila godoro la uani nisingemaliza wiki.

Tukashika barabara ya Kalokol, wenzangu na ndoano zao nyuma, mimi mbele na dereva. Eliye, kwenye ufuko, iko yapata kilomita 60 kutoka mjini, lakini nilimwomba dereva apite njia panda kwanza tukayaone mawe ya Namoratunga. Yamesimama kando ya lami, nguzo 19 za mawe meusi, nyingine zimeinama. Mwaka 1978 wataalamu wawili waliandika kwamba zimepangwa kufuata nyota, jambo ambalo wengine wamelibishia tangu hapo. Waturkana wana habari yao: walikuwa watu wakicheza ngoma, wakageuzwa mawe. Kila anayepita huongeza kokoto juu ya mawe hayo, na dereva wetu, ambaye muda wote alikuwa akilalamika kuhusu bei ya mafuta, alishuka, akachagua kokoto yake kwa makini, akaiweka, akarudi kwenye usukani akaendelea na bei ya mafuta alipoachia.

Hapo ndipo nilipopewa onyo ambalo wageni wengi hawalisikii. Nchi hii imejaa vitu vya kale. Upande huu huu wa magharibi ya ziwa, kule Nariokotome, Kamoya Kimeu aliona mwaka 1984 kipande cha fuvu kilichofuatiwa na karibu mifupa yote ya yule anayeitwa Mvulana wa Turkana, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 1.5 iliyopita, na huko Lomekwi yalipatikana mawe yaliyochongwa miaka milioni 3.3 iliyopita, habari iliyotangazwa 2015. Kwa hiyo jiwe lenye umbo la jino unaloliona miguuni huenda likawa jino kweli. Litazame, lipige picha, liache. Sheria ya Kenya ya makumbusho na turathi ya 2006 inamkataza mtu kulichukua, na mfupa uliohamishwa mahali pake umepoteza nusu ya habari zake.

Njia ya Eliye ni mchanga mtupu. Gari hupunguziwa upepo wa magurudumu, hupiga mbio, huzama, husukumwa. Kisha mikoma inatokea, mirefu, imegawanyika vichwa viwili viwili, na nyuma yake ziwa. Nikiri kwamba nilinyamaza. Rangi yake hubadilika na mawingu, mara kijani, mara kijivu, mara samawati. Ni ziwa kubwa kupita yote duniani yaliyo jangwani, na jina moja la Kiturkana humaanisha ziwa la samaki wengi. Katika miaka ya karibuni maji yamepanda, yamemeza nyumba na mashamba ya watu kwenye fuko hizi, na baadhi ya mikoma sasa imesimama majini.

Wenzangu walikwisha vua mashati. Mzee mmoja aliyekuwa akinywesha mbuzi kwenye chemchemi aliwatazama, akanyoosha fimbo kuelekea matete upande wa kaskazini. "Hapo hapana," akasema. Akaielekeza mbele, penye changarawe ambapo watoto walikuwa wakirushiana maji. "Hapa sawa. Jua likiteremka, hata hapa hapana." Kijana mmoja wa kwetu akauliza kama mamba wa hapa ni wakali. Mzee akafikiri. "Mamba hana salamu," akajibu, akarudi kwa mbuzi wake. Hayo ndiyo maelezo yote ya usalama unayoyahitaji katika ufuko ule, na ni bora kuliko bango lolote: oga pale wanapooga wenyeji, saa wanayooga wao, na ukiona wameondoka, ondoka.

Habari ya boti ni hiyo hiyo. Upepo wa ziwa hili hutoka kusini mashariki na una nguvu kiasi kwamba ng'ambo ya pili, karibu na Loiyangalani, wameusimamishia mitambo 365 ya kufua umeme. Unaweza kuondoka maji yametulia ukarudi yamesimama. Nimekulia kando ya bahari na mawimbi hayanitishi upesi, lakini yale ya Turkana ni mafupi, yanafuatana bila kupumzika, na hayakupi nafasi ya kugeuza chombo. Nahodha aliyekuwa awachukue wenzangu kisiwani aliangalia upeo wa macho, akasema tungoje. Walinung'unika. Mimi nilimpenda mtu yule pale pale. Anayekupa jaketi la kujiokolea bila kuulizwa, na anayekubali kupoteza nauli ya siku kwa sababu ya upepo, huyo ndiye wa kupanda naye. Aliyepunguza bei haraka, mwache.

Asiyeingia majini afanye nini Eliye? Nilianza kwa kuweka miguu kwenye chemchemi, maji vuguvugu, matamu, yanayotoka mchangani hatua chache kutoka ziwa lenye magadi. Kisha nikaketi na wafumaji chini ya mkoma. Mama mmoja alikuwa na kikapu kilichofika nusu. Kwenye sufuria kando yake zililowekwa nyuzi za majani ya mkoma, nyembamba, nyingine zimetiwa rangi ya zambarau. Alitoboa kwa chuma chenye ncha, akapitisha uzi, akauvuta kwa meno, akaubana kwa kidole gumba, na kikapu kikakua kwa upana wa punje ya mchele. Akanipa nijaribu. Uzi wangu ulikatika. Akanipa mwingine bila kusema neno, nao ukakatika, na binti yake akaanza kucheka kimya kimya. Tulikaa hivyo hadi samaki wakaiva. Nilinunua kikapu kwa bei aliyoitaja, sikuomba punguzo. Baada ya kuona kazi ya punje ile ya mchele ningeona haya.

Samaki walikuwa perege, wamepasuliwa mgongoni, wameokwa juu ya makaa ya mti wa mathenge, wamenyunyiziwa chumvi tu. Ugali ulikuwa mgumu, wa kiume. Mchanga uliingia katika kila tonge kwa hisani ya upepo, na baada ya tonge la tano meno huzoea.

Jioni Lodwar huanza maisha upya. Nyama ya mbuzi inachomwa kando ya barabara, boda boda zinapita na abiria watatu na mtungi wa maji, vumbi linapanda na kushuka. Ukibahatika kufika wakati wa tamasha la Tobong'u Lore, utaona edonga ikichezwa na mamia ya watu, vijana wakiruka juu wima na vumbi likiruka nao. Hata bila tamasha, tulisikia kuimba kutoka upande wa Kawalase. Kawalase ni laga, mto wa mchanga, na mchana watu hupita ndani yake kwenda sokoni. Mgeni anaweza kuuona mkavu akadhani ni uwanja wa kuegesha gari au kupiga hema. Mvua ikinyesha milimani, mbali ambako huioni wala huisikii, maji hufika yakiwa ukuta. Kila mtu wa Lodwar anamjua mtu aliyepoteza mbuzi, gari au ndugu kwa njia hiyo.

Kesho yake, wenzangu wakiwa bado wanabembeleza upepo, nilielekea Kakuma, kilomita 120 hivi kaskazini magharibi. Barabara hii ndiyo iendayo hadi mpaka wa Sudan Kusini. Dereva aliweka masharti: tuondoke mapema, tusisimame ovyo, na saa kumi jioni tuwe tumeshageuza. Turkana ni moja ya kaunti sita zilizotangaziwa operesheni ya usalama mwaka 2023 kwa sababu ya wizi wa mifugo, na ingawa wasafiri wengi hupita salama, usiku wa barabara hizi hauna mwenyewe. Uliza polisi na madereva kabla ya kutoka, wao ndio wenye habari za asubuhi hiyo.

Tulipata pancha, bila shaka. Mwiba wa mathenge hauchagui gurudumu. Mahali palikuwa patupu kabisa, mchanga na vichuguu virefu vilivyoinama upande mmoja, lakini jeki haijasimama vizuri wakatokea wachungaji wawili na mbuzi wasiohesabika. Mmoja akashika spana. Mwingine, mwenye umri zaidi, aliweka chini ekicholong yake, kile kigoda kidogo cha mti ambacho mwanamume wa Kiturkana huketia mchana na kulazia kichwa usiku, akaketi akasimamia kazi. Walipomaliza hawakutaka pesa. Walitaka maji. Tuliwapa mtungi mzima wa lita tano, nao wakatuita ndugu.

Kakuma lazima mtu aingie kwa adabu. Kambi ilianza 1992, walipofika maelfu ya wavulana waliotembea kutoka vitani Sudan, na leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyo jirani, ina watu wapatao laki tatu. Ni makazi ya watu, wala si mahali pa kutalii. Huingii bila kibali cha Idara ya Huduma za Wakimbizi, na kamera hubaki mfukoni hadi mwenye uso wake aseme ndiyo. Maisha ni magumu, na mgao wa chakula umekatwa mara kwa mara. Hilo utaambiwa na kila unayeketi naye, kwa sauti ya kawaida, huku akikusogezea sahani.

Lakini soko! Nilikuwa nimesikia kwamba Kakuma ni mji, sikuwa nimesikia kwamba ni miji mitano. Unapita kwa Wasomali, vitambaa na uvumba na wali wenye zabibu. Unakunja kona uko Ethiopia, kahawa inakaangwa na anjera inafunuliwa. Mbele vijana wa Sudan Kusini, warefu kupita milango ya maduka, wanabishana mpira. Na wana haki ya kubishana, kwani Awer Mabil aliyechezea Australia katika Kombe la Dunia la 2022 alizaliwa hapa, na wakimbiaji watano wa timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki, Rio 2016, walitoka hapa. Rose Nathike Lokonyen ndiye aliyeibeba bendera. Kinyozi mmoja alinisimulia hayo yote huku akininyoa, ingawa nilikuwa nimeingia kuuliza njia tu. Akina mama wa Kiturkana wanapita na kuni na makaa kichwani, wanauza, wananunua unga, wanataniana na wenye maduka katika lugha ambayo ni mchanganyiko wa zote.

Mchana nilikula kwa mama wa Kikongo kutoka Kivu. Jiko lake ni mabati manne na kitambaa cha mlangoni. Aliniwekea bugali, sombe iliyotwangwa hadi ikawa laini kabisa, na ndakala za kukaanga. "Jambo sana, baba. Kula, iko muzuri," akasema, na Kiswahili chake cha Kivu na changu cha Pwani vikaketi meza moja bila shida. Alitaka kujua kama kweli kwetu tunatia nazi katika sombe. Nikamwambia ndiyo, kisamvu cha nazi. Alinitazama kwa huruma, akaniongezea ndakala.

Saa nane na nusu dereva akaanza kuangalia saa yake. Laga ya Tarach, inayopita kando ya kambi, ilikuwa kavu, lakini mawingu yalikuwa yamejipanga magharibi na yeye hakuyapenda. Nilikuwa nimeahidiwa kahawa na mama wa Kiethiopia, mwenye duka la vitambaa, na kahawa ya Kiethiopia haina haraka: hukaangwa mbele yako, moshi wake huzungushwa ili kila mgeni aunuse, hutwangwa, huchemshwa katika jebena la udongo, humiminwa mara tatu. Kikombe cha tatu huitwa baraka, na kuondoka kabla yake ni kuikataa. Nilianza kutunga udhuru njiani. Tulipofika, nyasi zilikuwa zimekwisha tandazwa sakafuni na buni imeshakaangwa. Mama akatuambia wageni wa Lodwar yeye huwawashia jiko saa nane kamili, maana anawajua madereva wao. Akammiminia dereva kwanza.